Waliobaki Ndani ya Ukuta wa Platea

La Rochelle, Johannesburg
12 Oktoba 2025, mwaka wa ishirini na tisa tangu niondoke Uvira

Mdogo wangu Marcelline,

Sauti yako nimeisikiliza zaidi ya mara moja kwenye simu ya Pitchou, fundi cherehani ambaye chumba changu kiko nyuma ya duka lake. Unasema Alexis wetu ana miezi sita kaburini. Unasema binti yake Chloé hawezi kuolewa na Elisée mpaka matanga ya baba yake yaondolewe, na kwamba wa kuyaondoa ni mkubwa wa nyumba, yaani mimi, kwa hiyo nije. Umelitamka neno "njoo" kana kwamba niko hapo bandarini Kalundu nangoja mvua ipite.

Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa naitikia kila kitu. Pitchou ataupiga picha ukurasa huu na kuutuma kwa Chloé, naye atakusomea.

Nina miaka sabini na moja. Magoti yangu yamekuwa na maoni yao. Kutoka hapa hadi kwenye robot, yaani taa za magari za barabara kuu, napumzika mara mbili. Lakini nisijifiche nyuma ya magoti. Wewe unajua kazi ya mkubwa siku ya kuondoa matanga: husimama mbele ya kiti cha marehemu na kusimulia maisha yake, kutoka kuzaliwa hadi kaburini, na hakuna kunywa wala kufagia kiwanja mpaka amalize. Mimi nitasimulia nini? Alexis ninayemjua ameshika mlango wa ua usiku niliokimbia vita, Oktoba ya mwaka 1996, ana nywele nyingi, hana mtoto. Mliyemzika ni mwanamume mwingine, mwenye sukari, mgomvi wa mapadri, baba wa Chloé. Huyo nilimjua kwenye simu tu.

Kila aliponipigia aliniuliza, kwa lile "Yaya" letu la kumwita kaka mkubwa, "Yaya, yule Mgiriki wako umemfikisha wapi?" Hukusoma kolezi, ile sekondari ya mapadri, kama sisi, kwa hiyo nikueleze. Kulikuwa na mji mdogo wa Ugiriki ya kale, Platea, uliozingirwa na majeshi mpaka ukaisha. Walitufundisha kwa Kifaransa, na Alexis alitaka siku moja watoto wa nyumbani wausome kwa Kiswahili. Nimeanza kuuandika. Nimemtunga mzee mmoja aliyenusurika, nikamwita Nikandro, nikampa mdomo. Mzingiro wenyewe ni wa kweli. Mdomo ni wangu. Naomba siku ya matanga msome haya mahali pangu.

"Mimi Nikandro, mwana wa mfinyanzi wa Platea, nasema haya nikiwa Athene, mji ulionipa uraia na chumba. Adui zetu, Wasparta pamoja na jirani zetu wa Thebe, walipoona hawatuwezi kwa mikuki, walituletea matofali. Walichimba udongo, wakafyatua, wakajenga ukuta wao kuuzunguka ukuta wetu, wenye minara na vyumba vya kulala askari. Tuliwatazama wakijenga kama mtu anavyomtazama fundi akimjengea nyumba. Wazee, watoto na wake zetu tulikuwa tumekwisha kuwapeleka Athene. Ndani tulibaki wanaume mia nne na kidogo, pamoja na Waathene wachache waliokuja kutusaidia. Tulibaki kwa sababu wakubwa wa Athene walituahidi kwamba hawatatuacha. Walituacha. Siwalaumu, walikuwa na vita vyao. Lakini nataka ijulikane kwamba tuliahidiwa."

Nitaendelea.

Ndugu yako,
André


Uvira, 3 Novemba 2025

Yaya André,

Merci kwa karatasi. Chloé amesoma, Murielle mjane amesikiliza, mimi nimesikiliza. Halafu tukaangaliana. Tumeomba mtu, tumeletewa ukuta.

Yaya, mimi sikusoma kolezi, ni kweli, nilikuwa nawapikia ninyi mliosoma. Lakini nina akili ya kujua mtu anayekwepa. Ulipokuwa mtoto ukitumwa kuni ulikuwa unaanza kutusimulia habari za wafalme. Mpaka hadithi iishe, kuni mimi nimeshaleta.

Sasa nikuambie jambo ambalo Alexis alitukataza tusikuambie. Uliondoka Oktoba. Februari iliyofuata alikuja mchuuzi wa samaki wa ndagala kutoka Kalemie, akaapa kwamba boti yenu aliiona inazama, na wewe ukiwa ndani. Tulikulilia. Mimi nilinyoa nywele. Tulilala chini. Mama aliugua kwa ajili hiyo na hakuamka vizuri tena. Ndipo Alexis akasimama akasimulia maisha yako, uongo mtupu, alisema ulikuwa mpole na ulikuwa husahau deni la mtu. Tukanywa, tukafagia kiwanja, matanga yako yakaondolewa. Barua yako ya kwanza ilitufikia mwaka mwingine kabisa. Mama alikuwa ameshakufa.

Ndiyo sababu simu haitoshi. Nilimwomba Mzee Mulonda, mkubwa wa ukoo, akuruhusu useme kwa simu. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Binti, mtu aliyeshafagiwa hawezi kuondoa matanga ya mwenzake kutoka ndani ya kisanduku. Aje kwa miguu yake. Dada yake amlishe ugali kwa mkono wake uwanjani, watu waone anameza. Ndipo tumhesabu tena." Hiyo ndiyo desturi, na wewe ndiye wa kwanza kuihitaji kwetu, kwa hiyo usinilaumu mimi.

Kiti cha Alexis kipo sebuleni, kimefunikwa kitambaa. Nyumba tumeipaka rangi, ya buluu kama zamani. Elisée ni kijana mzuri, anatengeneza pikipiki, hanywi. Kila Jumapili anakaa kwenye benchi la nje na kofia mkononi, maana mchumba haruhusiwi kuvuka kizingiti cha nyumba yenye matanga. Mwonee huruma hata kofia.

Na huyo Nikandro, je, alitoka? Murielle anauliza.

Dada yako,
Marcelline


La Rochelle, 30 Novemba 2025

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Sikujua. Katika simu zote za miaka hiyo yote Alexis aliniuliza habari za chakula, za mvua, za mpira, na hakuniambia kamwe kwamba nilikuwa nimeliliwa. Boti ilizama kweli, lakini ilikuwa ile iliyotutangulia. Sikupata njia ya kuwajulisha. Na Mama. Hilo siwezi kuliandika leo.

Mwambie Murielle kwamba Nikandro alitoka. Nampeleka hivi:

"Chakula kilipokaribia kwisha tulipatana kutoka sote kwa kupanda ukuta wa adui. Tulihesabu safu za matofali yao kutoka mbali ili tujue urefu wa ngazi. Wengi walihesabu, kwa maana mmoja angeweza kukosea. Ilipofika siku, nusu yetu walirudi nyuma. Ndugu yangu alikuwa mmoja wao. Aliitazama ngazi, akanitazama, akasema, 'Nani atabaki na nyumba?' Kulikuwa na upepo na mvua yenye barafu. Tulivaa kiatu mguu wa kushoto tu. Wa kulia tuliuacha mtupu ili ushike tope. Tukapanda. Tulipokwisha kuvuka hatukukimbilia Athene, tulishika njia ya Thebe, kwa adui wenyewe, kwa sababu huko hakuna ambaye angetutafuta, na tukaiona mienge yao ikipanda njia nyingine. Tulifika Athene zaidi ya mia mbili.

"Lililotokea nyuma yetu nililisikia baadaye. Wachache waliogeuka pale kwenye ngazi walirudi ndani wakasema hakuna aliyepona. Basi kulipokucha wenzetu walimtuma mpiga mbiu kwa adui, kuomba ruhusa ya kuzika maiti zetu. Akajibiwa kwamba hakuna maiti. Akarudi na habari hiyo. Mara nyingi nimejiuliza ndugu yangu alifanya uso gani."

Nilikuwa nimeshaandika habari ya huyo mpiga mbiu kabla ya barua yako kufika. Sikuongeza neno.

Kuhusu safari, nimeulizia. Basi hadi Lusaka, jingine hadi Mpulungu, kisha meli kama ipo. Nikivuka mpaka wa hapa, karatasi yangu ya ukimbizi inakufa, na kurudi itakuwa haiwezekani. Pitchou anasema, "Mzee, nenda tu, chumba nitampa mwenye magoti mapya." Watoto wake wananiita mkhulu, yaani babu kwa Kizulu, Kiswahili wanakisikia lakini wananijibu kwa lugha ya shule. Niliposema huenda nikasafiri, mdogo wao aliuliza, "Mkhulu anaenda kwao? Kwao si hapa?" Pitchou akamwambia aende akalete vifungo.

Labda baada ya Pasaka. Mwambie Mzee Mulonda hivyo: labda baada ya Pasaka. Na rangi ya buluu imenifurahisha. Naiona.

André


La Rochelle, 20 Desemba 2025

Marcelline,

Redio imesema vita vimeingia Uvira. Simu ya Chloé haiiti. Ya Murielle haiiti. Mwanamke wa saluni hapa, wa kutoka mtaa wenu wa Mulongwe, amepata habari za dada yake tu, na dada yake hawajui ninyi.

Picha ya barua ya mwisho ina alama moja, Pitchou anasema maana yake haijafika. Nampa na hii aitume juu ya ile.

Kama mko nyumbani, funikeni madirisha, lalini chini. Kama mmetoka, hamna haja ya kunieleza chochote, andikeni neno "tupo".

André


Burundi, kambini
18 Januari 2026

Yaya,

Tupo. Mimi, Murielle, Chloé. Mzee Mulonda naye yupo, tulimbeba kwa pikipiki ya Elisée mpaka mpakani, akilalamika juu ya uendeshaji. Elisée na wazazi wake wako mtaa wa pili wa mahema. Simu imepata umeme juzi, barua zako zimeingia zote kwa pamoja kama watoto wanaogombania mlango.

Yaya, ile rangi nilikudanganya. Hatukupaka rangi yoyote. Tangu Agosti nyumba ilikuwa na wanaume wenye bunduki, sisi tulikuwa tunalala kwenye jumba la paruasi, kule kanisani. Kiti walikitoa nje wakakitumia kama ngazi ya kuangalia juu ya ukuta, kikavunjika. Nilikuandikia buluu kwa sababu niliona ukijua hakuna nyumba hutakuja. Pia nilitaka mtu mmoja aendelee kuiona.

Sasa sikiliza jambo la kweli. Jamaa za Elisée wameambiwa watahamishiwa kambi nyingine, mbali, mwezi wa tatu. Akiwa na mke, ataondoka na mke wake. Akiwa na mchumba, mchumba anabaki. Chloé anafua nguo zilezile kila siku.

Nilikwenda kwa Mzee Mulonda. Nilimwambia, mzee, hakuna kiti, hakuna kizingiti, hakuna kiwanja, hii desturi tunaifanyia wapi? Akasema, "Kiwanja ni popote wanaposimama watu. Tatizo si kiwanja. Tatizo ni kaka yako." Nikamwuliza kwa nini. Akasema: "Nyumba isiyo na kaka aliye hai, dada mkubwa husimama, na wewe ungesimama leo, usimulie, tufagie, msichana aolewe. Lakini wewe una kaka. Ameliliwa na hajarudi kuhesabiwa, haya. Ila anasema labda anakuja. Siwezi kumruka mtu aliyeko njiani. Aseme yuko njiani au hayuko. Labda si mahali pa kumweka mtu." Ndivyo alivyosema, nimekuandikia neno kwa neno. Yaya, tumefungwa na labda yako.

Mimi bado nasema njoo. Kama si Uvira, njoo hapa. Nitakulisha ugali huu wa msaada, hauna ladha lakini unamezeka.

Na jambo jingine. Jioni hapa hakuna kazi, basi nilimwambia Chloé awasomee wanawake wa hema letu habari za Nikandro. Walisikiliza vizuri. Walikubali habari ya kiatu kimoja, mmoja alivuka mto Ruzizi hivyohivyo. Halafu mama mmoja wa Fizi akauliza, "Hao wanaume mia nne walikuwa wanakula mawe? Nani alikuwa anawapikia?" Chloé akatafuta kwenye simu, hakuna. Wakacheka, wakasema mwandishi ni mwanamume, chakula kwake kinaota mezani. Lakini mimi sikucheka. Nataka kujua. Kama wake zao waliondolewa, nani alibaki anapika? Na walipopanda ngazi wale mia mbili, mpishi alienda wapi?

Marcelline


La Rochelle, Johannesburg
8 Februari 2026

Mdogo wangu Marcelline,

Neno "tupo" nimelisoma nikiwa nimesimama dukani, na Pitchou akanivutia kiti cha wateja.

Naanza na swali la mama wa Fizi, kwa sababu ndilo lililonifanya nilale kitandani siku mbili mchana. Walikuwepo. Wanawake mia na kumi walibaki ndani ya Platea kuwaokea watu mkate. Nilijua tangu kolezi. Padri alilitaja mara moja, akaendelea na minara. Na mimi nilipomtungia Nikandro mdomo nilimpa matofali, ngazi, viatu, hali ya hewa, na sikumpa mkate. Haikuwa hila. Sikuwaona tu, kama vile nilivyokula miaka yote ile kwenye nyumba yetu. Umeuliza walikwenda wapi. Hivi ndivyo Nikandro anavyopaswa kusema:

"Waliobaki walishikilia mpaka kiangazi. Hawakushindwa kwa vita, walishindwa kwa njaa. Walipofungua lango walikuja waamuzi watano kutoka Sparta, wakawaita wanaume mmoja mmoja, na swali lilikuwa moja: katika vita hivi, umewatendea Wasparta na rafiki zao jambo gani jema? Kila aliyesema hakuna alipelekwa pembeni akauawa. Ndugu yangu aliulizwa hivyo. Baadaye waliubomoa mji hadi kwenye msingi, na kwa miti na milango yetu wakajenga nyumba ya wageni kando ya hekalu la Hera, yenye vyumba juu na chini.

"Wanawake waliotuokea mkate hawakuulizwa swali lolote. Waliuzwa. Hakuna aliyeandika majina yao, wala walikopelekwa. Mkate wa mwisho niliobeba kifuani nikipanda ngazi ulikandwa na mmoja wao, nami sikumwuliza kama anataka kupanda. Mimi nimesimulia vita hivi kwa zaidi ya miaka arobaini. Watu wa Athene hunipa divai, hunisikiliza. Lakini nilichokiona ni ukuta kwa nje. Aliyejua Platea ilivyokwisha ni mwanamke fulani katika jiko la mtu fulani, na hakuna aliyekwenda kumwuliza."

Nimemaliza hapo. Kuna sehemu nyingine niliyokuwa nimeiandaa, kwamba baada ya miaka arobaini mji ulijengwa tena, na vijana waliozaliwa Athene wakaambiwa warudi, wakarudi, na baada ya miaka michache ukabomolewa tena. Nilikuwa nimemweka Nikandro njia panda, na mzigo, akifikiri. Kurasa hizo nimeziacha. Alikuwa amezeeka, na kule hakuna aliyekuwa anamngoja. Waliokuwa wanangoja walikuwa wanangoja tu apishe njia.

Sasa wewe. Usiku ule wa Oktoba, Alexis alishika mlango wa ua na mimi nikapita. Hayo nimeyaeleza mara nyingi hapa Johannesburg, kwenye harusi na kwenye misiba. Sijawahi kueleza kwamba begi langu lilikuwa na viazi vya kuchemsha, bado vya moto, na kwamba aliyevifunga kwenye jani ni wewe. Wewe ulibaki. Ulimzika Mama. Ulimwona Alexis akipungua mwaka kwa mwaka. Ulijua anachopenda kula alipokatazwa kila kitu. Ulimlea Chloé wakati Murielle alipougua. Unataka mimi nisimame mbele ya watu nimsimulie Alexis! Ningesema kwamba alikuwa mpole na hakusahau deni la mtu.

Nimefikiri kuhusu kuja. Nilipanga nguo. Niliwaza ugali wa mkono wako, watu wakitazama koo langu. Nilijiambia nitakuja kwa ajili ya Chloé. Halafu nikahesabu: mabasi, meli, mpaka, magoti, na mwezi wa tatu. Nisingefika kabla ya Elisée kuhamishwa, na mngekaa mkiningoja, na msichana angebaki akifua nguo. Na hata ningefika, nimekuwa mtu wa hapa kwa namna ambayo sikuichagua. Najua saa ambayo muuza mahindi anapita. Mdogo wa Pitchou ananisomea kazi yake ya shule. Ninapoota, Alexis anatembea kwenye barabara ya La Rochelle na anauliza njia, na mimi ndiye ninayemwelekeza.

"Labda" niliiandika kwa sababu ilinifariji. Mzee Mulonda ameona vizuri kuliko mimi ilikuwa inamkalia nani.

Basi kifungu hiki Chloé akisome kwa sauti, mbele ya Mzee Mulonda na mashahidi wawili wa ukoo:

Mzee wangu, shikamoo. Mimi André, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, nilikaliwa matanga mwaka 1997. Yaliondolewa vizuri, kwa machozi na kwa pombe, na ndugu yangu Alexis alinisimulia. Sitaki yafunguliwe tena. Msinihesabu. Nyumba hii haina kaka aliye hai. Ina dada mkubwa, Marcelline, ambaye anayajua maisha ya Alexis kwa sababu aliyaishi karibu naye. Asimame yeye, hapo mlipo, hata kama kiwanja ni cha udongo wa watu wengine. Asimulie polepole, asikatizwe. Mfagie. Chloé aolewe na aondoke na mume wake.

Mdogo wangu, barua nitaendelea kuziandika, kama utakubali kusomewa na mtu wa namna hii. Siku utakaposimama, niambie baadaye ulisema nini. Mimi nitakaa dukani kwa Pitchou, atazima cherehani kwa muda.

Sipo njiani. Sitarudi.

André